Kinga ya Watu wa Mvua

Mkataba ulipopelekwa bungeni ili uridhiwe, Lukresia ndiye aliyeueleza mbele ya kamati kule Dodoma. Alikuwa mwanasheria wa serikali, mzaliwa wa Rhotia, mwenye sauti ya taratibu iliyofanya hata vifungu vikavu visikike kama wimbo wa kumlaza mtoto. Shirika la kimataifa lingekuja kupima mawingu ya Ngorongoro. Nalo lingepewa kinga: lisishtakiwe mahakamani, magari yake yasikamatwe.

"Na likimuumiza mwananchi?" mbunge mmoja aliuliza.

"Shirika lenyewe linaweza kuiondoa kinga, mheshimiwa."

Kamati ikaridhika, Bunge likapitisha azimio, watu wakaenda kula.

Mwaka wa pili wa mkataba, Lukresia alirudi nyumbani likizo. Akamkuta Nanyori jikoni kwa mama yake, ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Walisoma pamoja sekondari Karatu, kabla Nanyori hajaolewa na Metui huko juu Ngorongoro.

"Gari la Watu wa Mvua, wale wapima mawingu, limemgonga mume wangu," Nanyori alisema. "Alikuwa anavusha ndama kwenye ukungu. Mguu haushiki ardhi. Nimekwenda mahakamani, hakimu anasema wana kinga. Nikadhani ni dawa wamechanjwa. Kumbe ni sheria. Nani kawapa?"

Lukresia alihisi maneno yake ya Dodoma yakimrudia, matamu, mepesi, kana kwamba aliyasema mtu mwingine usingizini.

"Tuliwapa sisi," alisema. "Twende tukaongee nao."

Asubuhi walipanda mlima kwenda kituo cha shirika. Ukungu ulikuwa mzito hata barabara ikaonekana kuelea. Nyati alijitokeza, akawatazama, akayeyuka. Miti ilining'iniza ndevu zake za kijivu, na hapakuwa na sauti isipokuwa matone. Lukresia aliona kana kwamba wanatembea ndani ya pumzi ya kitu kikubwa kilicholala.

Mkuu wa kituo, Daktari Kisembo, Mganda mwenye mvi, aliwakaribisha vizuri, lakini akatikisa kichwa.

"Nikikubali kwa mmoja, kesho nitashtakiwa na kila mtu."

"Kinga mlipewa ili mfanye kazi bila kusumbuliwa," Lukresia alisema. "Kuiondoa kwa ajili ya Metui kunazuia kazi gani?"

Daktari aligeukia dirisha. Nanyori akamsogelea.

"Baba, sijaja kuwafukuza. Hata mimi naitaka mvua. Mume wangu hakumbuki kitu. Kila akilala anaota ndama wanapaa angani, anaamka analia. Dereva wako aliona. Aje aseme mbele ya watu."

Nje, upepo uliusukuma ukungu dirishani. Daktari akavuta karatasi na kalamu.

"Mwenye uamuzi si mimi, ni makao makuu," alisema mwishowe. "Lakini nitawaombea, na nitaomba kana kwamba ninaomba kwa ajili ya ndugu yangu."

Jibu lilikuja mvua za masika zikiwa zimekolea: kinga imeondolewa, kwa shauri hilo tu.

Dereva, kijana wa Kansay aitwaye Sylvesta, alisimama mahakamani Karatu. "Nilisinzia," alisema. "Nilikuwa nimeendesha tangu jana yake. Nilifumbua macho ndama wakiruka pande zote mbele ya taa, weupe, kama hawana miguu. Katikati yao alikuwa mtu. Nisamehe, mzee."

Metui, aliyeketi na magongo yake, aliinua kichwa.

"Kwa hiyo waliruka kweli," alisema polepole. "Nilidhani nimerukwa na akili."

Mahakama iliamuru shirika limtibu mpaka apone, na madereva wake wapumzishwe. Lukresia alirudi Dodoma akiwa na hoja moja ya kuipigania: mkataba unaofuata useme wazi kwamba kinga haihusu ajali za barabarani. Alijua wengine wangempinga.

Metui na Nanyori walipanda gari la kurudi juu. Penye ukingo wa kreta mvua ilikuwa imekatika, na ziwa lilimeremeta chini kabisa. Nanyori aligeuka amwonyeshe mumewe. Alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi, akipumua taratibu. Hakumwamsha.