Kitambaa Tu

Priiii!

Filimbi ilimkuta Brashi, fundi rangi, nyuma ya ukuta wa ofisi ya halmashauri, akikimbia na ndala mkononi, na hakuhitaji kuona kitu ili ajue kinachoendelea upande wa pili. Kila jioni, jua likikaribia kuzama, filimbi hiyo hulia, bendera hushushwa, na kila mwenye miguu miwili husimama wima mpaka ilie filimbi ya pili. Brashi aliiba hatua tatu, akapinda kona.

"Wewe mwenye madoadoa!" Sauti ya Sajini, mlinzi wa halmashauri, ikamgonga kifuani. "Hapo hapo!"

Akaganda.

Mbele yake barabara nzima ilikuwa imeganda. Mpagazi mmoja alikuwa na godoro kichwani. Mwalimu wa kike alikumbatia rundo la madaftari. Dereva wa basi alikuwa na mguu mmoja ngazini na mwingine chini, kama kuku anayefikiri. Na mlangoni mwa basi hilo, sanduku jekundu miguuni, mgongo umenyooka kama rula, alisimama mke wa Brashi.

Brashi akashusha pumzi. Alikuwa kazini, mikono imezama kwenye rangi, jirani alipomletea habari: mkeo kafunga sanduku, anarudi kwao. Basi la kwao ni moja tu kwa siku. Bila ile filimbi, angekuta vumbi.

Kosa lilikuwa lake, tena alilijua, ila alikuwa na shingo ngumu. Siku tatu nyuma alirudi kutoka kuupaka mlingoti wa bendera rangi nyeupe, tabaka la kwanza, akakosa cha kufutia brashi, akavuta nguo iliyokuwa karibu. Ulikuwa mtandio wa marehemu mama mkwe wake, ambao mkewe aliukunja kwenye karatasi na kuutoa siku za mambo mazito tu. Mkewe alipoushika ule mtandio akaanza kulia, Brashi aliona aibu, na aibu ya mwenye kiburi hutoka mdomoni kama hasira.

"Kelele zote hizi za nini?" alifoka. "Ni kitambaa tu!"

Nyumba ya nne walisikia. Tangu siku hiyo chai ilitua mezani kwa kishindo, na kitandani uliwekwa mto katikati, mrefu kama mpaka wa nchi mbili zisizoelewana.

Na kusema kweli, neno hilo alishalizoea. Hata jana, alipomaliza kuupaka mlingoti, alimkuta Sajini akikunja bendera taratibu kama anayemfunika mtoto mchanga. "Mzee, unajichosha bure," Brashi alimwambia. "Ni kitambaa tu."  Sajini alimtazama tu, kama unavyomtazama mbuzi anayetafuna hati ya nyumba yako.

Sasa Sajini alikuwa anavuta kamba. Bendera ikashuka, ikashuka, ikafika nusu ya mlingoti. Ikasimama.

Akavuta tena. Wapi! Akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote, miguu ikaacha ardhi. Bendera haikutikisika.

"Nusu mlingoti," mpagazi alinong'ona chini ya godoro. "Nani kafa?"

"Sijui," alisema utingo wa basi, "lakini lazima awe mkubwa." Akavua kofia. Nyuma yake mama mmoja akaanza kulia kwa tahadhari, asije akaonekana hana huruma.

"Hajafa mtu!" Sajini alifoka. "Kamba imekwama! Hakuna kusogea!"

Brashi akainua macho hadi juu ya mlingoti. Aliona kilichokwama. Jana, kwa uvivu wa kufungua kamba, alipaka rangi mlingoti, kapi la juu, kile kigurudumu kinachopitisha kamba, na kamba yake, vyote kwa mpigo. Asubuhi bendera ilipopandishwa, rangi ilikuwa mbichi, kamba ikateleza. Mchana kutwa jua limeipika, na sasa donge lililokauka limefika kwenye kapi, linakataa kupita.

Lakini hapo hapo akaona jambo la pili: bendera isiposhuka, filimbi ya pili hailii. Filimbi isipolia, basi haliondoki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Brashi aliipenda bendera. "Kaa hapo hapo," aliiombea kimoyomoyo. "Usishuke, mpenzi."

"Mke wangu!" akaita bila kugeuza shingo.

"Usiniite. Niko kwenye heshima."

"Dakika moja tu!"

"Siku tatu ulikuwa na dakika zote. Leo umeziona baada ya kuona sanduku?"

"Kweli hiyo, shemeji," alisema mpagazi.

"Wewe beba godoro lako!" alifoka Brashi.

"Nimelibeba, kaka, na shingo inakatika! Hivi hii bendera imenipa nini mimi? Barabara ya kwetu mashimo, maji hayatoki, halafu nisimame kama mti kwa ajili ya nguo!"

"Mwanangu," mwalimu alisema, macho mbele, "mashimo kachimba nani, bendera au tuliowachagua?"

"Bendera na hao wanakaa nyumba moja, mwalimu!"

"Ndiyo maana wakiikalia vibaya tunakasirika. Ingekuwa nguo tu, nani angejali?" Akavuta pumzi. "Na hilo godoro si pamba tu? Mbona umelifunika nailoni?"

Mpagazi akafikiri. "Hili ni la harusi ya dada yangu," akasema, sasa kwa sauti ya chini.

Dereva akacheka kwa pua. Brashi hakucheka. Maneno yale yalimwingia pale pale pasipo na ngao.

Jua liligusa mabati ya ghala. Sajini alikuwa ameacha kufoka. Alikuwa ameegemea mlingoti, viganja vimechubuka, na Brashi, aliyekuwa karibu kuliko wote, alimsikia akiiambia bendera polepole: "Shuka, mama. Miaka thelathini hujawahi kulala nje. Shuka twende nyumbani."

Ndivyo mkewe alivyokuwa akiulilia ule mtandio. Kwa sauti hiyo hiyo.

Brashi alilitazama basi. Alimtazama mkewe. Kimya kingempa hata saa nzima, na hakuna mtu ambaye angejua. 

"Sajini, ni mimi!" akapaza sauti. "Nilipaka kapi na kamba yake kwa uvivu. Nipe ruhusa nipande."

Barabara yote ikaguna. "Kumbe!" akasema dereva. "Tumesimama hapa kwa ajili ya mvivu!"

"Ruhusa wewe peke yako," alisema Sajini. "Ngazi iko nyuma ya ofisi. Lakini nenda kwa ukakamavu!"

Basi Brashi akaenda kwa ukakamavu, kushoto kulia, peku, kifua mbele, akarudi vivyo hivyo na ngazi begani. Akajaribu kugeuka kwa mtindo wa askari. Ngazi ikapitisha mkia wake nusu shubiri juu ya kofia ya Sajini. Mabega ya mkewe yakatikisika. Mungu anajua kama kilikuwa kilio au kicheko.

Alipanda hadi kwenye bendera, akanyoosha mikono kuifungua.

"Na hiyo mikono?" Sajini alipiga ukelele.

Brashi akaitazama. Nyeupe hadi viwikoni, rangi mbichi.  Kisha akavua shati lake, la pekee lenye kola nzima, akaligeuza upande safi wa ndani uwe nje, akalizungushia mikononi. Ndipo akaifungua bendera, fundo moja moja, akailaza begani asiiburuze, akashuka ngazi kwa kupapasa kwa vidole vya miguu. Shati lilikuwa limekwisha. Bendera haikuwa na doa.

Sajini aliipokea, akaikunja, akaikumbatia. Akatia filimbi mdomoni. Akamwona mke wa Brashi, akamwona Brashi kifua wazi, akaitoa tena.

"Mzee, filimbi!" aliita dereva.

"Ina mate," alisema Sajini, akaanza kuipangusa kwa leso, tundu moja, halafu jingine. "Kijana, nadhani ulikuwa na neno."

Brashi akageuka kuelekea basini. "Mke wangu," alianza, chini chini.

"Sisikii," alisema mkewe. "Siku ile ulisikika nyumba ya nne." Lakini mguu wake ulikuwa umelisukuma sanduku kidogo, mbali na ngazi ya basi.

Brashi akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika.

"Mke wangu! Mtandio wa mama haukuwa kitambaa tu, na mimi nilikuwa mjinga! Nitaufua kwa mikono hii hii, na doa litoke lisitoke, nitakwenda nawe kwenu hadi kaburini kwake nimwambie mwenyewe nilichofanya. Kesho tutapanda basi hili wote wawili, sanduku nitabeba mimi, na filimbi ikilia, nakuahidi mbele ya watu wote hawa, nitasimama kabla yako!"