Nyumba Iliyomhesabu Gustave

Siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Gustave alifungua geti la sinagogi dogo la pale Berea, akafagia maganda ya ndizi ambayo tumbili walikuwa wameyatupa barazani, kisha akachukua spana yake na kwenda kusimama kando ya bomba la maji. Alikuwa akisubiri kujua watakuja wangapi. Kungojea hivyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na tisa, na magoti yalikuwa yamechoka.

Wanaume kumi Wayahudi wakikutana ndani, jengo lile huinuka. Haliendi mbali. Hupanda hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, hutulia hapo mpaka sala iishe, halafu hushuka taratibu na kukaa tena kwenye msingi wake. Wakiwa tisa halisogei hata kidogo. Kwa hiyo wa kumi akitokea getini, Gustave hulifungua bomba kwenye kiungo chake kwa spana ili lisikatike, na kuchomoa waya wa umeme, na sala ikiisha huvirudisha. Manispaa ilishatuma mkaguzi mara mbili. Wa pili aliandika kwamba ngazi za barazani hazina kishikio.

Zamani lilipanda kila asubuhi. Siku hizi watoto wamehamia Perth na Tel Aviv, rabi mwenyewe ameitwa Johannesburg, na waliobaki wengi ni wazee wenye vidonge vya presha mfukoni. Huwa ni tisa, na hao tisa hawajawahi kupatana. Mzee Kagan, mfamasia mstaafu aliyeongoza sala, aliimba kama babu yake wa Lithuania. Ari, fundi wa kamera za ulinzi, aliimba kama mama yake wa Yemen, tena kwa sauti kubwa zaidi ili isikike. Sher, daktari wa meno, hakumwamini Mungu kabisa. Alikuja kwa sababu kiti kile kilikuwa cha baba yake, na hakutaka Ari akikalie. Waligombania madirisha, feni, na ukurasa wa kuanzia. Gustave aliwapenda hivyohivyo, kama mtu anavyowapenda wajomba wake wasumbufu.

Watu hawa hawahesabu watu kwa namba; ni mwiko. Kagan huchukua aya yenye maneno kumi, akamgawia kila mtu neno lake, na neno linalokosa mwenyewe ndilo linalowafanya watoe simu.

Gustave aliijua aya hiyo tangu utoto wake Lubumbashi. Baba yake, Nissim, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rodi, mwenye duka la vitambaa. Alimtahiri siku ya nane, akampa jina lake la ukoo, akamfundisha sala zote. Mama yake, Scola, alikuwa Mkatoliki, na Uyahudi hupita kwa mama. Hapo ndipo habari yake ilipokwama. Mahakama ya dini ilimwambia kwamba anaweza kuingia kama mgeni yeyote anavyoingia: asome miaka miwili, ahamie karibu na walimu. Kuacha kazi hakukuwezekana. Na kubisha hodi kwenye nyumba ya baba yake kama mgeni, hilo lilimshinda hata kulifikiria.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo cha Nissim. Mtoto humsomea mzazi wake kadishi, sala ya wafiwa, na kadishi haisomwi bila watu kumi. Nissim hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa amelala kaburini miaka kumi na mmoja bila kusomewa hata mara moja, na Gustave mwenyewe sasa alikuwa na sitini. Alitaka kuisoma mara moja tu kabla hajafa.

Alfajiri ile mkewe Yvette, anayesuka nywele Overport, alikuwa amemkuta mbele ya kioo, akamwita kwa jina la mtoto wao, kama kawaida yake.

"Papa Carmel, ile koti ya ndoa unavaa ya nini? Bale bantu habatakuhesabu."

"Najua. Nitakaa tu nyuma."

"Eish. Koti ya ndoa, kukaa nyuma."

Lakini alimfunga vifungo vyote, na kumpiga kofi dogo la mgongo.

Walikuja tisa. Gustave akamfuata Kagan mlangoni, akamweleza kuhusu baba yake, akaomba kukaa ndani leo. Kagan alimtazama yeye na koti lake. Hakuwa mtu mbaya.

"Kaa nyuma," akasema. "Hatuna watu wa kutosha hata hivyo, kwa hiyo bomba halina shida."

Gustave akaiacha spana nje, akaingia, akaketi kwenye benchi la mwisho. Kagan akaanza kugawa aya. Alipofika kwenye neno la tisa, sakafu ikatikisika na nyumba ikapanda, bila haraka, kama ilivyopanda siku zote. Nje waya ukachomoka, bomba likakatika, na maji yakaanza kuruka bustanini.

Hakuna aliyepiga kelele. Sher alichungulia dirishani.

"Tumepanda," akasema.

"Nyumba imemhesabu," akasema Ari. "Wa kumi ni Gustave. Tuanze, mimi nina kazi Clairwood saa mbili."

"Nyumba si hakimu," akajibu Kagan. "Sheria haiamuliwi na kuta."

Wakagombana. Mmoja alisema ni udongo wa Berea, unavimba mvua ikinyesha. Mwingine alisema mvua haijanyesha tangu Jumapili. Mwingine alikumbusha kwamba mwaka juzi jengo lilipanda na kumi ambao mmoja wao alikula kamba wa baharini, walio haramu kwao, tena hadharani, kwa hiyo halichagui sana. Gustave aliketi na mikono magotini. Nyumba ilikuwa imemkubali. Alisubiri wenyewe nao waseme.

Kagan, aliyekuwa amechoka, akasema wapige kura. Anayeona kwamba lazima apatikane wa kumi mwingine, ainue mkono.

Wa kwanza kuinua alikuwa Sher, asiyemwamini Mungu. Wakafuata wale wa madirisha wazi na wale wa madirisha kufungwa. Ari aliinua wa mwisho, akitazama viatu vyake. "Si mimi, kaka," akamwambia Gustave. "Ni sheria."

Kwa miaka kumi na tisa Gustave hakuwahi kuwaona wakikubaliana jambo, na sasa mikono yote ilikuwa juu. Ilimuuma sana. Ilimuuma zaidi kwamba hata hapo hakuweza kuwachukia.

Wakampigia simu Joffe wa Umhlanga. Alifika baada ya dakika arobaini, akilalamikia robot, yaani taa za barabarani, zisizofanya kazi. Alikuwa amebadilishwa nyonga mwezi uliopita na alitembea kwa fremu ya chuma. Alisimama mbele ya baraza, akaitazama ikiwa usawa wa kifua chake kilichoinama.

"Mimi siwezi kupanda huko," akasema.

Kagan akamgeukia Gustave, na uso wake ulikuwa na haya.

"Ukishuka wewe, nyumba itashuka," akasema.

Gustave akashuka. Aliruka na koti lake la ndoa, akatua matopeni. Nyumba ikashuka nyuma yake polepole, Joffe akaingizwa na fremu yake, na nyumba ikapanda tena.

Valvu kubwa ya kufungia maji ilikuwa imeshika kutu, kwa hiyo Gustave alichuchumaa na kuziba bomba kwa kiganja. Juu ya kichwa chake aliwasikia wakisali, kila mmoja kwa wimbo wake. Walipofika kwenye kadishi, Ari akasema kwa sauti kwamba anaisoma kwa ajili ya Nissim, aliyezikwa Lubumbashi. Akaisoma yote, vizuri, kwa lafudhi ya Yemen. Gustave aliyajua maneno hayo moja baada ya jingine, akayatamka pamoja naye kwa midomo tu, na mahali pa kuitikia "amina" akaitikia, maji yakimwingia kwenye mikono ya koti.

Baadaye Kagan alimshika bega, akamwambia, "Tumemsomea baba yako."

"Asante, Bwana Kagan," akasema Gustave, na alimaanisha.

Ijumaa asubuhi walikuja tisa. Joffe hakupokea simu. Gustave alikuwa bustanini, na suruali ya kazi, Kagan alipofungua dirisha na kuinama nje.

"Gustave, wewe unawajua watu wa mtaa huu. Hujamwona Myahudi yeyote hapa karibu?"

Gustave aliangalia barabara upande wa juu, kisha upande wa chini, bila kuharakisha.

"Hapana, Bwana Kagan," akasema. "Sijamwona."