Kiganja cha Mkono wa Kulia

Bi Nukta alipewa ile kazi Jumatatu asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka mvuke. Meneja alisimama mlangoni, hakuingia, akasema mafundi wa hospitali wamelalamika tena. Ile amri ya kuonyesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine haisomeki. Maneno yamebanana, huwezi kujua feni inaishia wapi na hita inaanzia wapi.

"Ipange tu ikae vizuri," alisema. "Usiende mbali."

Kampuni ilitengeneza mashine za kutunzia watoto njiti, wale wanaokuja duniani kabla ya siku zao. Kila mashine ni sanduku la plastiki angavu lenye kigodoro ndani na hita chini yake. Bi Nukta, ambaye wenzake walimpachika jina hilo kwa kuwa hakuwahi kusahau nukta popote, alikuwa mtunzaji wa kiamshi. Kiamshi ni programu ndogo inayoamka kabla ya zote mashine inapowashwa. Huzunguka humo ndani kama mtu wa kwanza kuamka nyumbani, ikigusa mlango huu na ule kuona nani yupo, kisha ndipo inaiamsha programu kubwa ishike kazi. Fundi akitaka kujua kiamshi kimemkuta nani, huandika amri, na jibu huja kwenye skrini: feni ipo, hita ipo, kipimajoto kipo.

Alianza kwa kuzinyoosha safu. Alipozama zaidi akagundua jambo lililomkera. Amri ile haikuwa inamuuliza mtu. Ilikuwa inasoma maelezo ya wabunifu, yale yanayosema mashine inapaswa kuwa na nini, na kuyatoa kama yalivyo. Ni sawa na mwalimu anayeita majina darasani, kisha anajiitikia "nipo" mwenyewe kwa niaba ya kila mtoto. Meneja alikuwa amesema asiende mbali, lakini Bi Nukta hakuona kwamba hapo ni mbali. Aliiandika upya, ili kila kifaa kiulizwe chenyewe, na kijibu chenyewe.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, aliiwasha mashine ya majaribio iliyokaa mezani kwake bila mfuniko, akaandika amri. Jibu likaja:

Feni: ipo, inazunguka.
Hita: ipo, inapasha.
Kipimajoto: kiganja cha mkono wa kulia, cha mwanamke. Kipo, kinapima. Mahali: ghorofa ya pili, mlango wa kijani, juu ya fundi viatu.

Bi Nukta aliguna. Nafasi aliyokitengea kipimajoto ilikuwa ya herufi chache tu, na maelezo yale yalimwagika mpaka mstari wa chini, yakavuruga mpangilio wote. Alijaribu kupunguza ukubwa wa herufi. Alijaribu kuyakata, ikabaki "kiganja cha mk", jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mwishowe akamwita Waya.

Waya alikuwa fundi umeme wa kampuni, mzee mwembamba aliyetembea na koleo mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Aliipindua mashine, akamulika kwa tochi. Pale palipochorwa mahali pa kipimajoto palikuwa patupu, hapajawahi kuguswa na risasi ya kuchomelea.

"Ndiyo maana," alisema Waya.

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana hazikosei. Kipimajoto cha dukani hakikosi kuteleza kidogo."

Akarudi kwenye kiti chake kuendelea kumenya nyaya.

Bi Nukta alishuka mpaka chumba cha kufungashia akazijaribu mashine nyingine zilizokuwa zikisubiri gari. Zote zilijibu vilevile: kiganja kilekile, mlango uleule. Alisimama katikati ya masanduku akijikuna shingo. Kilichomtatiza ni kwamba hakujua akiandike kiganja kile chini ya vifaa au akifungulie kundi lake. Na akikifungulia kundi lake, aliite nini?

Kesho yake akaomba ruhusa atoke mapema, akaenda kukitazama.

Fundi viatu hakuinua macho. Alielekeza juu kwa nyundo, misumari ikiwa midomoni. Ngazi zilikuwa nyembamba, na mlango ulikuwa wa kijani kweli.

"Hodi!"

"Karibu, sukuma, haujafungwa."

Ndani kulikuwa na mama mmoja mrefu, nywele nyeupe, amekaa karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia alikuwa ameufunika kwa kitambaa cha pamba na kuuegemeza kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Kwenye kampuni ya mashine za watoto."

"Mmekawia," alisema yule mama, kwa sauti ya mtu aliyemwita fundi bomba zamani na sasa ameshazoea kukinga ndoo. "Vuta kiti."

Alikuwa nesi mstaafu. Alieleza mambo yalivyokwenda bila kupandisha wala kushusha sauti. Mashine ya kwanza ilipokamilika, wageni wakubwa walikuwa wamealikwa kuja kuiona, na vipimajoto vilikuwa bado vimekwama safarini. Meneja alimwomba atie mkono ndani ya sanduku, awe anasema "pasha" na "acha". Akafanya hivyo. Hita ikamtii. Baada ya muda hakuhitaji hata kusema, ilitosha ahisi. Wageni wakaja, wakapiga makofi, wakala, wakaondoka.

"Halafu?"

"Halafu hakuna aliyeniambia basi. Mkono niliutoa, nikaenda nyumbani. Lakini kazi haikutoka."

Bi Nukta alielewa palepale, kwa kuwa lilikuwa jambo la fani yake. Programu ya mashine ile ya kwanza ndiyo iliyonakiliwa kwenye mashine zote zilizofuata. Mkono ulinakiliwa pamoja nayo.

"Unawahisi wote, mama?"

"Wote. Mmoja akipoa, hapa chini ya kidole gumba panaingia baridi. Mwingine akipata homa, panachoma huku pembeni. Sasa hivi wapo wengi, ni msimu." Alikifunua kiganja kidogo, akakitazama, akakifunika. "Sijakataa, mwanangu. Ila sijaulizwa."

Bi Nukta hakuwa amepanga kusema alichosema baadaye. "Binti yangu alilala kwenye mashine hizo."

"Lini?"

"Mwaka juzi, zile mvua kubwa."

Nesi alifumba macho, akatikisa vidole kimoja kimoja kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kishada cha funguo. "Yule wa kupanda na kushuka," alisema. "Asubuhi barafu, mchana moto, hujui anakwenda au anarudi. Alinichosha yule! Hajambo?"

"Hajambo. Anakimbia nyumba nzima."

"Mkaidi?"

"Sana."

"Nilijua tu."

Bi Nukta alifungua mdomo aseme ahsante, ikaja samahani. Akaimeza, ikaja ahsante, nayo ikamkwama. Mwishowe akaomba maji ya kunywa, ingawa hakuwa na kiu. Nesi alimwonyesha mtungi ulipo, akaomba radhi kwa kutommiminia. Mkono ule haukuweza kugusa mtungi wa baridi. Ukigusa baridi, kila sanduku lingedhani mtoto anaganda, na hita zote zingeamka kwa pamoja.

"Kuna siku nilisahau," alisema nesi. "Nikashika mfuniko wa sufuria jikoni. Wa moto."

Bi Nukta aliikumbuka siku hiyo. Mashine za hospitali zote zilizima hita kwa wakati mmoja, simu zikalia ofisini mpaka jioni, na kampuni ikatoa taarifa kwamba ni hitilafu ya umeme.

"Wote walipona?" nesi aliuliza. "Siku ile. Wote?"

Bi Nukta aliizungusha ile glasi ya maji mkononi. Hakujua, na hakujua ni wapi mtu angeuliza.

"Sijui, mama."

"Haya," alisema nesi, akageukia dirishani.

Ofisini, meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia ya kutikisa kichwa polepole mtu anapoongea, hivi kwamba wengi walitoka kwake wakiamini wamekubaliwa.

"Nikuulize," alisema. "Kipimajoto kipo au hakipo?"

"Kipo, bosi. Lakini ni mtu."

"Kinapima?"

"Kinapima."

"Basi andika kipo."

"Vipimajoto vyenyewe vilishafika zamani. Waya anasema vimejaa stoo. Tukiviweka, yule mama atapumzika."

"Kuviweka ni kuzirudisha mashine zote. Watoto waliomo tuwaweke wapi, mifukoni? Kitu kinachofanya kazi hakiguswi, Bi Nukta. Na mafundi wa hospitali wakisoma 'kiganja', kesho wataniagizia kiganja cha akiba."

"Anasema hakuulizwa."

Meneja alitikisa kichwa polepole. "Hilo ni kweli," alisema. "Hilo tulikosea."

Bi Nukta alitoka akiamini amekubaliwa. Alipofika kwenye meza yake alitambua kwamba hakujua kilichokubaliwa ni kipi.

Alijaribu peke yake. Waya alimletea kipimajoto kimoja kutoka stoo, wakakichomelea kwenye mashine ya mezani. Kiamshi kikajibu kwamba nafasi imeshikwa. Kuuondoa mkono kulihitaji mstari mmoja tu wa programu, na Bi Nukta aliuandika bila shida. Lakini mkono ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Ukitoka hapa, unatoka kila mahali, pamoja na kwenye masanduku yenye watoto muda huo, ambayo hayakuwa na kitu kingine. Aliutazama mstari ule. Ulikuwa msafi, na nukta yake ilikuwa mahali pake. Akaufuta. Akauandika tena, akaufuta tena, mpaka Waya akamwambia, "Dada, utaitoboa hiyo kibodi."

Toleo jipya likatoka. Safu zilikuwa zimenyooka, feni mahali pake, hita mahali pake. Mstari wa tatu ulisema: Kipimajoto: kipo. Mafundi wa hospitali walipiga simu kushukuru. Mmoja alisema hajawahi kuona amri inayosomeka vizuri namna ile, inampumzisha macho.

Bi Nukta akaanza kupita kwa nesi kila alipotoka kazini. Hakujua anakwenda kama nani. Alisuuza vyombo, kwa kuwa maji ni baridi, na alipika, kwa kuwa sufuria ni moto. Mumewe alimuuliza nyumbani, "Huyo mama ni ndugu yenu wa upande gani?" Akafikiri, akajibu, "Wa mkono." Mume akaridhika, akidhani ni ukoo asioufahamu. Siku moja alikwenda na binti yake. Mtoto alikimbia huku na huku, akapanda kitandani, akashuka, akagoma kusalimia. Nesi alimwangalia kwa furaha, lakini hakumgusa, maana mtoto alikuwa ametoka juani na kichwa chake kilikuwa cha moto.

Msimu ulipobadilika, meneja alikuja mwenyewe. Aliwakuta nesi na Bi Nukta wanakunywa chai, nesi akishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nyuma yake walipanda wapagazi wawili na Waya, wamebeba jokofu jipya la kampuni, la kuhifadhia chanjo. Walilitua katikati ya chumba. Waya hakumtazama mtu.

"Mama," alisema meneja, "ile mara ya kwanza tulikosea, hatukukuuliza. Safari hii tumekuja kuuliza." Alivua kofia. "Wa kushoto je?"

Nesi aliutazama mkono wake wa kushoto, nyuma na mbele.

"Huu ndio ninaolia chakula."

"Yupo huyu," alisema meneja, akimwonyesha Bi Nukta kwa kidevu. "Anapita kila siku. Hata tukimruhusu awahi kutoka, si neno."

"Vipimajoto vya jokofu vipo stoo," alisema Bi Nukta.

"Vipo," alisema meneja, akitikisa kichwa.

Nesi aliuliza, "Chanjo zikipata joto zinakuwaje?"

"Zinaharibika, mama."

"Na wale wangu, wakitoka kwenye masanduku, hawachanjwi?"

"Wanachanjwa."

"Basi," alisema nesi. Akaweka kikombe mezani, Waya akafungua mlango wa jokofu, na nesi akatia mkono.

Bi Nukta ndiye aliyeandika kiamshi cha jokofu. Hakuna aliyelalamika kuhusu mpangilio wake. Kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa amri ilikwisha kuboreshwa, na herufi zilitosha kwenye safu.

Siku hizi hupita mara mbili, asubuhi na jioni. Asubuhi humlisha nesi uji kwa kijiko, humchana nywele, humvika sweta na kumfunga vifungo, kuanzia chini kwenda juu, huku mikono yote miwili ya nesi ikiwa imetulia mapajani, mmoja umefunikwa na mwingine wazi. Jana aliviacha viwili vya juu bila kufunga. Nesi alikuwa amesema joto limezidi kidogo, na hakusema ni la nani.