Likizo ya Simba wa Lami

Ezra Katoo alipomwambia mkewe kwamba mwaka huu likizo ya Desemba wangeitumia pamoja, wao wawili tu, watoto wabaki Rongai kwa shangazi yao, Soipan alifurahi kama msichana. Alifunga mapema duka lake la dawa pale Noonkopir, akapita sokoni kujinunulia kofia ya jua yenye ukingo mpana. Aliwaza bahari. Aliwaza kulala mpaka jua liwe juu, bila mtu kumbishia mlango akitaka dawa ya kikohozi.

"Bahari gani?" Ezra alimwambia. "Tunaenda Namanga. Na baiskeli."

Soipan alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona mumewe hacheki.

Ezra alikuwa mtu wa bima, mwenye ofisi mjini na kitambi cha heshima, hadi siku alipojiunga na kikundi cha waendesha baiskeli wa Kitengela kilichojiita Simba wa Lami. Tangu hapo nyumba haikukalika. Chakula kilipimwa. Kaptula za kubana zenye sifongo matakoni zilianikwa kwenye kamba, majirani wakaziangalia na kuulizana. Na mwezi wa kumi na moja Soipan alimkuta bafuni akinyoa miguu.

"Ni ya upepo," Ezra alieleza. "Nywele inapunguza spidi."

Mwanamume aliyekulia nyuma ya ng'ombe, miguu yake ikichanwa na miiba kila siku, leo hii ananyoa vinyweleo ili apite upepo! Soipan alirudi jikoni. Hata hivyo alikubali kwenda na kutafutiwa baiskeli, kwa sababu muda mrefu Ezra hakuwa amemwomba waende pamoja popote.

Asubuhi ya safari walikusanyika karibu na kituo cha mafuta Kitengela. Kapteni wao alikuwa Wachira, dalali wa ploti, mwenye firimbi shingoni na miwani ya rangi ya machungwa. Fulana zote zilikuwa nyekundu, na mgongoni ziliandikwa: HATUACHI MTU. Wachira aliomba sala ndefu, akapigwa picha, akagundua hakutokea vizuri, akaomba tena sala ili apigwe tena. Jua lilikuwa tayari kali walipoanza kukanyaga pedali.

Mbele alikwenda Wachira, nyuma yake Ezra, wameinama kama watu wanaotafuta shilingi iliyoanguka. Malori ya saruji yaliwapita yakiwapepesua. Soipan alishangaa kugundua kwamba kuendesha kwenyewe hakukuwa kubaya. Upepo ulikuwa mzuri, na tambarare za Isinya zilikuwa zimeota majani mabichi baada ya mvua. Ubaya ulikuwa watu. Kila waliposimama kunywa maji, mazungumzo yalikuwa ya gia: gia ya nani ni nyepesi, ya nani imetoka ng'ambo. Ungedhani wametengeneza wenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwa na gia za kuongelea. Huyo alikuwa mwalimu Nanjala, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye baiskeli nzito ya zamani iliyofungwa kikapu mbele. Daktari alikuwa amemwambia afanye mazoezi, naye akaamua kuyafanya yote kwa mara moja. Alibaki nyuma akiimba nyimbo za kanisa, na Soipan akaanza kubaki naye.

Jioni walilala Kajiado, kwenye nyumba ya wageni. Wakati wa chakula mtu mmoja alimuuliza Ezra kama anaijua njia ya kesho.

"Hapana," Ezra alisema, akikata nyama. "Mimi nimekulia Kilimani, Nairobi. Huku kwa bush nakujua kwa ramani tu."

Soipan aliacha kutafuna.

"Kesho tutatafuta manyatta moja safi ya Wamaasai, tupige picha," Wachira alisema. "Watu wa huku wako poa kweli?"

"Wako poa sana," Ezra alijibu. "Ni watu wakarimu."

Boma la Yeyo, mama yake Ezra, lilikuwa mbele ya Kajiado, kabla ya Bissil, upande wa kulia wa barabara, mahali ambapo mtu akisimama uani anaiona lami. Walipoingia chumbani Soipan alifunga mlango.

"Hao watu wakarimu ni kina nani, Ezra?"

"Usianze, Mama Lanoi," Ezra alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Tutapita kwa Yeyo?"

"Ratiba haina nafasi. Na siwezi peleka watu wote hao kwa nyumba ya udongo. Wachira ananitafutia wateja wakubwa. Utaelewa siku moja."

Soipan alielewa siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Alilala akiuangalia ukuta, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa amefika kwa mama mkwe tangu Pasaka iliyopita, na kisingizio chake kilikuwa duka.

Kesho yake, mbali kidogo kupita Kajiado, tairi la Nanjala lilipasuka. Pampu na tyubu za akiba zilikuwa kwenye pikapu ya msafara, na pikapu ilikuwa imetangulia na mpiga picha. Wachira alirudi, akalitazama lile tairi kwa mbali kama mtu anayetazama mgonjwa wa kuambukiza.

"Pole sana, mwalimu. Ngoja hapa. Gari ikirudi itakubeba."

"Itarudi saa ngapi?" Nanjala aliuliza.

"Tukimaliza picha." Akapuliza firimbi, akaondoka na maandishi yake mgongoni.

Soipan alishuka baiskeli. Ezra alisimama, mguu mmoja chini, akaangalia saa yake kubwa ya kupimia mwendo.

"Mama Lanoi, twende. Nikisimama average yangu ya spidi inaharibika."

"Nenda na average yako."

Na kweli akaenda. Soipan alimtazama akipungua barabarani, matako ya sifongo yakipanda na kushuka, miguu iking'aa kama ya mtoto aliyepakwa mafuta. Alitamani kukasirika, lakini kilichomjia ni dharau tupu, na dharau kwa mume ni kitu kinachomtisha mwanamke akikigundua moyoni mwake.

"Mwalimu," alisema, "unapenda chai ya maziwa mengi?"

Walisukuma baiskeli mpaka kwenye njia ya vumbi, wakakata kulia. Yeyo Naisenya aliwaona wakiwa mbali, akatoka na fimbo yake. Soipan aliinamisha kichwa, mama mkwe akakigusa, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya."

"Iko, Yeyo."

Nanjala naye akainama vilevile, akaguswa, akafurahi. Mama alizitazama baiskeli, akatazama njia waliyotoka, kwa muda mrefu.

"Ezra yuko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kazi, ofisi, homa. Soipan akaumeza. "Amepita, Yeyo. Ameenda Namanga na baiskeli, na wenzake."

"Wale wa nguo nyekundu?"

"Ndio."

Mama alikaa kwenye kigoda. "Niliwaona," alisema taratibu. "Niliambia jirani, hao ni wazungu. Nikawapungia mkono."

Halafu mama akauliza kama ni kweli mtu hulipa ili achoshwe namna hiyo, na Nanjala alipoapa kwamba hulipa, na mapema, mama akacheka mpaka akafuta macho kwa shuka. Soipan hakuweza kujua ni machozi ya nini yaliyokuwa yakifutwa.

Walilala hapo. Walikamua, walichota maji, na jirani mwenye bodaboda akaziba tairi. Siku iliyofuata, mchana, Ezra alipiga simu kutoka njiani, msafara ukirudi ndani ya magari. Aliuliza wako wapi.

"Kwenu," Soipan alisema, akakata.

Pikapu iliingia ikitimua vumbi. Wachira aliruka chini kabla haijasimama vizuri, akapanua mikono.

"Hii ndio manyatta nilikuwa nataka! Wasee, kujeni! Mama, supa! Tunaweza piga picha na wewe?" Tayari alikuwa amemshika Yeyo bega.

Ezra alishuka mwisho. Alikuwa na nishani ya bati shingoni na helmeti kichwani, na alisimama nyuma ya wenzake kama mgeni. Mama yake hakumtazama Wachira kabisa. Alimtazama mwanawe, akasema kwa Kimaasai, "Vua hiyo sufuria nikusalimu."

Ezra alimwangalia Wachira. Akamwangalia mkewe. Akavua helmeti, akaja, akainamisha kichwa, na mkono wa mama ukatua juu yake.

"Eii, Ezra!" Wachira alipiga kelele, simu juu. "Kumbe unajua desturi zao! Rudia kidogo, sijashika vizuri!"

Soipan alingoja. Alimpa mumewe nafasi yote duniani aseme neno moja. Ezra alikuwa ameikodolea macho ardhi.

"Anazijua sana," Soipan akasema. "Amezaliwa kwa hiyo nyumba unapiga picha. Huyo umeshika bega ni mama yake."

Simu ya Wachira ilishuka polepole. "Lakini si ulisema Kilimani?"

"Mlipita jana," Yeyo alimwambia Ezra kwa Kiswahili chake kizito. "Nilikupungia mkono."

Ezra alianza kufuta vumbi kwenye helmeti. Wenzake waligundua ghafla kwamba mbuzi wanapendeza, wakatawanyika kuwatazama. Yeyo aliwaita wote wakanywa chai, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufukuza wageni, lakini picha alikataa. Wachira alikunywa haraka, akaunguza ulimi, akasema magari yanachelewa.

Ezra alipoinua baiskeli kuipakia, mama alimgonga goti kwa fimbo.

"Wewe unabaki. Ua wa ng'ombe umeanguka upande ule, na miiba lazima ikatwe. Miguu umeshanyoa, miiba haitapata pa kushika."

Nanjala alicheka peke yake, kwa sauti, na hakuomba radhi.

Soipan na Nanjala walikataa pikapu. Waliondoka asubuhi iliyofuata kwa baiskeli zao, bila firimbi. Walisimama kila walipotaka. Kajiado walikula nyama ya kuchoma wakiwa na vumbi usoni. Isinya waliketi chini ya mgunga wakitazama malori. Hakuna aliyetaja gia. Soipan alifika Noonkopir amechoka, akiwa na furaha ambayo hakuwa ameinunua.

Ezra alirudi baada ya siku chache, mikono imechanika. Alisema ofisi ilikuwa imempigia. Ofisi ilikuwa imefungwa mpaka Januari, na wote wawili walijua hivyo.

"Ua umeisha?" Soipan alimuuliza.

"Nusu."

"Basi Jumamosi tunaenda kumaliza. Mimi natangulia na baiskeli, na Nanjala. Wewe utakuja vile unajua."

Ezra alikaa kwenye kiti, akaanza kuchomoa mwiba kiganjani kwa meno. Soipan alimwangalia akihangaika nao kwa muda, akaenda kuleta sindano.