Dirisha la Papa Eugène

Jumanne, saa tatu asubuhi, fundi Vital alikaa sebuleni kwa Papa Eugène, mtaa wa Lumumba mjini Bunia, akafungua telekomande, yaani rimoti, kwa ncha ya kisu. Ilikuwa ya dirisha la paani, kioo kilichotiwa katikati ya mabati ili sebule ipate mwanga na hewa. Lilifunguka vizuri tu kwa kitufe, ila Papa Eugène alikuwa amechoka kusaka telekomande chini ya mito ya viti. Alitaka dirisha litii simu yake, na saa zikifika lijifungue lenyewe.

Kazi haikuwa ngumu. Chini ya kila kitufe kuna vipande viwili vya shaba. Kidole kikibonyeza, vinagusana. Vital alichomelea nyaya hapo kwa risasi iliyoyeyushwa, akazipeleka kwenye relei mbili, vile vidude vinavyobonyeza badala ya kidole, na relei akaziunga kwenye kadi ndogo inayoongea na simu. Nyaya zake zilimwishia njiani. Akakata vipande kwenye bunda la waya wa simu la marehemu baba yake, kitu pekee ambacho Vital aliweza kubeba siku walipokimbia kijiji chao cha Bule. Nusu ya bunda hilo ilikuwa imekwisha tumika kufunga turubai la paa la mama yake, Mama Godelive, kambini kwa waliohamishwa na vita, pembeni ya mji.

"Na mama, iko muzuri?" Papa Eugène akauliza.

"Iko muzuri, Papa. Iko kwangu ku Shari, anapumuzika."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Mwanamume mwenye vyumba vitatu mtaa wa Shari kumwacha mama yake kambini ni jambo lisilotajwa mbele za watu. Chumba cha tatu cha Vital kilijaa televisheni zilizoharibika, ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kila mwezi aliahidi kukisafisha. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Wakajaribu. Relei ikalia tiki, dirisha likainuka kiasi cha shubiri moja, likatulia. Papa Eugène akacheka kwa furaha, akapanga saa: kumi na mbili asubuhi na tisa alasiri, robo saa kila mara.

Jumapili, baada ya ibada, Vital alienda kambini na unga na sabuni. Mvua ilikuwa imeanza. Mama Godelive alikuwa akikamua blanketi mlangoni.

"Bâche yangu inafungukaka yenyewe," akasema, akionyesha turubai juu, kama mtu anayeeleza bei ya muhogo. "Iko siku tano sasa. Asubui na saa tisa. Inapanda hivi, inasimama, kisha inajifunga." Akapima shubiri kwa mkono.

"Yetu haifungukake," akasema jirani yake, Mama Bernadette, aliyekuwa akichambua maharage. "Siye tulifunga na kamba."

Saa tisa ilipofika, tiki ikasikika juu yao. Turubai likainuka shubiri moja. Mvua ya kambini, ambayo huko Lumumba haikufika, ikaingia juu ya godoro, na pamoja nayo ikashuka sauti ya Papa Eugène akiongea na wageni wake.

"Ni Vital alinitengenezeya hii dirisha. Kijana ya heshima! Anachungaka mama yake mu nyumba yake, ku Shari."

Mama Bernadette akaacha maharage. "Vital gani huyu?"

"Ba Vital iko wengi mu Bunia," akasema Mama Godelive, akasogeza sufuria chini ya tone.

Vital aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Afadhali mama angemtukana. Alijua dawa yake: vipande vya waya kwenye telekomande vingebadilishwa kwa dakika kumi. Lakini Papa Eugène angeuliza kwa nini, na jibu lingeanzia hapa, kwenye godoro hili. Akainama, akasaidia kulivuta pembeni, pasipofikiwa na maji.

"Unaweza kuniandikiya masaa yake?" mama akauliza. "Nikijua, nitakuwa nasogeza godoro mbele ya saa."

Akamwandikia nyuma ya karatasi ya unga, kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho ya mama hayaoni vizuri.

Papa Eugène hubadilisha saa mara kwa mara, maana anapenda kuchezea simu. Kila anapobadilisha, Vital anampigia mama yake siku ileile kumjulisha. Hajasahau hata mara moja. Mama husema aksanti, mwanangu, na kwenda kusogeza godoro.