Mkubwa Kwanza

Simu ya dada Aline ilipolia tena juu ya meza ya jikoni, nilitamani kuitupa kwenye sinki.

"Ni London," alisema. "Kura wameisogeza. Ni Jumatano. Destin, bila mimi tunaanguka."

"Na mama?"

Mama alikuwa amelala chumba cha pili, hapa kwangu Toongabbie, upande wa pili wa dunia kutoka London, na asubuhi hiyo muuguzi alikuwa ametuambia hatamaliza wiki.

Niseme ukweli, hasira ilinijaa. Kati ya nchi zote zinazodai uhuru, dada yangu alichagua ya Wazungu! Alifika Glasgow akiwa mkimbizi, akagonga milango ya watu kwenye mvua, akatukanwa, akawa diwani, kisha mbunge wa chama kinachotaka Uskoti ijitawale. Sasa muswada wa kuwaruhusu Waskoti wapige kura ya uhuru ulikuwa umefika bungeni, na pale kura haipigwi kwa simu. Lazima uwepo mwenyewe. Ndege yake ilikuwa ya jioni. Mimi, niliyembeba mama bafuni mwaka mzima baada ya zamu za ghalani hapa jirani Smithfield, ningebaki naye peke yangu.

Halafu kulikuwa na suala la baraka. Kwetu, mzazi akiona siku zake zimefika, hutia maji mdomoni, akampulizia mtoto kichwani na kumtamkia neno. Huanza mkubwa. Aline asipobarikiwa, na mimi sibarikiwi. Mama alikuwa amepanga kutubariki Jumapili, mchungaji akiwepo. Jumapili hiyo Aline angekuwa bado London, na mama sijui angekuwa wapi.

Tuliingia pamoja. Aline akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza kila kitu.

Mama akamshika mkono.

"Kule kwetu Butembo walituambia kura tungoje, kuko Ebola," alisema. "Rais akaapa, sisi hata kura hatujapiga. Wewe banakungoja upige kura. Enda. Leteni maji."

Nikaleta kikombe. Akakinyanyua, maji yakamwagika shukani. Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda ngazi ndefu, na sote wawili tulijua pumzi hiyo ingetosha mara moja tu. Aline alikwisha kuinamisha kichwa. Ghafla akageuka, akanikamata shati, akanivuta mbele yake.

"Anza na Destin, mama."

"Mukubwa kwanza."

"Mukubwa ni ule mwenye alikulinda. Mimi nilikuwa naangalia mambo ya watu."

Nikainamisha kichwa. Mama akanipulizia. Maji yalinishukia usoni mpaka kifuani.

"Usikose watu maishani," aliniambia.

Kisha akaegemea mto, akafumba macho. Aline alingoja, kichwa bado kimeinama. Mama alikuwa amepitiwa na usingizi, na kikombe kiliteleza kikaanguka chini.

Nje teksi ikapiga honi. Aline alibusu mkono wa mama, akachukua mkoba wake na kutoka bila kuniangalia. Nilimkimbilia nikamkuta mlangoni. Nilimkumbatia kwa nguvu, nywele zangu zikimdondoshea maji, nikasugua kichwa changu kwenye kichwa chake kama tulivyofanya utotoni.

"Chukua nusu," nilimwambia.

Aliondoka na koti lake la bungeni limelowa begani, wala hakulifuta.