Kioo cha Dirisha la Mama

Mdogo wangu aliniambia wazi: mafenesi yakioza msimu huu pia, kaka yetu mkubwa atakuja kuikata miti yote. Kwake yeye miti ile ilikuwa inazaa nzi tu. Aliipanda marehemu mama. Mimi ni seremala na hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo nilishika randa siku ileile nisije nikamtukana mkubwa wangu.

Nilitengeneza sanduku la kukaushia mafenesi kwa jua, ndani nikalipaka rangi nyeusi lishike joto. Matundu ya chini yaingize hewa, ya juu yatoe unyevu. Trei nilizitandika wavu. Kikabaki kioo cha kufunika, na mimi kwa ubahili wangu nikang'oa cha dirisha la mama. Pale ndipo alipokaa hadi anafariki, akipumulia kioo na kukifuta kwa kiganja, macho barabarani, akimngoja kifungua mimba wake. Hakuja.

Fenesi lilikauka vizuri, isipokuwa kona moja. Juu yake kioo kilikuwa na ukungu, duara la upana wa sahani, na vipande vya chini yake vikaanza kuota kuvu. Niliongeza matundu. Nikakifuta kioo kwa ndani, ukungu ukarudi. Nikaligeuza sanduku zima, nikitegemea duara lizunguke na kioo. Halikuzunguka. Lilibaki upande uleule, wa barabarani.

Mdogo wangu alilitazama kwa muda mrefu.

"Kaka," akasema taratibu, "mbona linapanuka na kusinyaa?"

Nikaona ni kweli. Jua lilikuwa la utosi, na niliogopa, sioni haya kusema.

Kaka mkubwa akafika na msumeno wa mashine, hata salamu hakutoa. Nilimwonyesha trei zilizokauka, akanicheka kwamba nimeyachongea matunda jeneza. Kisha akainama kwenye ile kona, auone uozo wenyewe.

Tuliona sote watatu. Ukungu ulifutwa kwa ndani, mara moja tu, upana wa kiganja.

Alibaki ameinama. "Mama," akasema, "nimefika."

Miti haikukatwa. Siku hizi fenesi linakauka sanduku zima, hata kona ile. Kaka huja kila msimu, huinama palepale, hupumulia kioo, hukifuta kwa kiganja na kungoja. Ndani haji mtu.